Maua ya mwituni Mombasa yapo, mnafika yameshafunga

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena maua ya mwituni yako wapi. Familia ya watu sita, wameshuka na treni ya usiku kutoka Nairobi, wakapata chai bila haraka, na saa tano na nusu tukawa ufukweni Bamburi. Baba akazungusha macho, akaniambia: "Mwalimu, maua ya mwituni huku hakuna. Naona bogenvilia tu."

Mzee wangu, umeyakanyaga.

Mlakasa ni ule mtambaazi unaoshika mchanga juu kidogo ya pale maji yanapofika, jani nene lililogawika mbele kama kwato ya mbuzi. Njoo saa moja asubuhi. Ua linakuwa wazi kama tarumbeta, rangi ya zambarau hafifu inayokoza kadiri unavyochungulia kooni, na nyuki mweusi mkubwa anaingia mzimamzima, anatoka mgongo umejaa chavua. Jua likipanda, ua linaanza kujikunja. Adhuhuri limenywea kama kitambaa kilicholowa, na hilo halifunguki tena. Kesho ni zamu ya jingine. Halafu mtu wa saa tano ananiambia hakuna maua! Nimeona hata hoteli inayoamuru mlakasa ung'olewe kwa kuuita gugu, kumbe mizizi inayochipuka kwenye kila kifundo ndiyo inayozuia mchanga wao usiondoke.

Wengine wamepotezwa na tafsiri. Wamesoma habari za majira ya maua ya Ulaya, wakaambiwa hayo ndiyo masika, basi wanasubiri baridi iishe. Huku hatungoji baridi iishe, tunangoja mvua: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Na saa ya siku nayo ina maana yake, mbuyu ndio unaonyesha vizuri. Ua lake jeupe linaning'inia kichwa chini, linafunguka jua likizama, popo wanalijia usiku, na kesho yake unaliokota chini. Ukizuru mibuyu mchana, utapiga picha shina.

Na lile jekundu la Desemba, mkrismasi, si la mwituni. Asili yake Madagaska, limeletwa na watu. Hapo nakiri mpaka wangu una ufa: mbegu za mlakasa nazo huelea baharini, na mmea huo umeenea fukwe za joto dunia nzima. Aliyeletwa na maji namwita mwenyeji, aliyeletwa na jahazi namwita mgeni. Nafundisha hivyo, lakini moyoni sijaridhika.

Jioni tunakwenda Haller Park, msitu uliooteshwa ndani ya machimbo ya zamani, na hapo ndipo ninapozungumzia sanaa ya ardhi, yaani sanaa inayotengenezwa kwa mawe, udongo na mimea papo hapo ilipo. Mwaka 1970 msanii Mmarekani Robert Smithson alipanga mawe kwa umbo la mzingo kama wa konokono ndani ya Great Salt Lake, ziwa la chumvi la Utah, Marekani, na dunia ikaja kutazama. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye shimo la machimbo ya saruji hapa Bamburi, jiwe tupu la matumbawe, maji ya chumvi karibu chini yake. Alijaribu aina 26, zikashika 3, na mvinje ndio uliobeba kazi. Majani yake makavu hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakubwa wakayala. Kinyesi chao kikawa udongo. Mimi huwainamisha watoto wachote udongo huo kiganjani, wauvunje kwa vidole. Kabla yake hapa palikuwa jiwe.

Sanaa ya watoto tunaifanya asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Sheria yangu moja: hakuna kuchuma. Kilichoanguka tu: vikokwa vya mvinje, makombe, maua ya jana ya mlakasa. Jumamosi ile, tulipochelewa, yule binti mdogo alipanga duara kubwa kuliko yeye, akaweka katikati ua moja lililonywea. Maji yalipoanza kujaa alilia, akataka tujenge ukuta. Hatukujenga. Tulikaa naye mpaka wimbi likalichukua ua.

Baba amenipigia jana. Wanarudi Agosti, na ameuliza mwenyewe jua linachomoza saa ngapi.