Grafiki Jumuishi: Maana Yake kwa Mnunuzi wa Laptopu ya Bei Nafuu

Grafiki jumuishi ni ile sehemu ya prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu za laptopu, inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo cha laptopu, yawe ni maandishi, picha, filamu au michezo ya kompyuta. Huitwa jumuishi kwa sababu haina kadi yake wala kumbukumbu yake: inakaa ndani ya prosesa, inatumia umeme uleule, inapozwa na feni ileile, na data zake huziweka katika RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya laptopu, ileile inayotumiwa na programu nyingine zote. Kadi inayojitegemea huja na kumbukumbu yake ya kasi, na hiyo ni sababu mojawapo ya laptopu zenye kadi hiyo kuwa ghali. Laptopu nyingi za bei nafuu zinazotufikia hapa Lamu kutoka Mombasa au Nairobi, hasa za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, hazina kadi ya namna hiyo, kwa hiyo anayepima mbili kati ya hizo kwa ajili ya picha na michezo analinganisha grafiki jumuishi mbili, hata kama muuzaji hakulitaja neno hilo.

Zamani grafiki ya aina hii ilikaa kwenye chipu nyingine ya ubao mama, yaani ubao mkuu unaobeba chipu za laptopu. Mwaka 2010 Intel, kampuni inayotengeneza prosesa, iliihamishia katika kasha moja na prosesa zake za Core, na mwaka 2011 ikaichonga katika kipande kilekile cha silikoni. AMD, mshindani wake, ambayo ilikuwa imeinunua kampuni ya grafiki ya ATI mwaka 2006, nayo ilitoa prosesa zake za namna hiyo mwaka huohuo wa 2011.

Linaloamua kasi ya grafiki jumuishi, mara nyingi kuliko jina lake, ni njia inayoiunganisha na RAM. Aliyejenga katika mji wa kale wa Lamu atalielewa hili upesi. Mawe na mchanga hutolewa gatini kwa punda, na kuna vichochoro ambamo punda mmoja akiingia na mzigo, mwenziwe hana budi kusubiri penye pembe ya ukuta. Mwenye nyumba anaweza kukodi punda ishirini na mafundi kumi, lakini kama kichochoro ni kimoja, mafundi watakaa wakingoja mawe. Grafiki jumuishi ni mafundi hao, RAM ni gati, na kichochoro ndicho kinachoitwa chaneli ya kumbukumbu.

Laptopu yenye kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4 ya kasi ya 2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde, na ikiwekewa vipande viwili vinavyolingana hupitisha GB 38.4, kwa sababu chaneli mbili hufanya kazi kwa pamoja. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli zaidi ya milioni mbili, na kila moja huchukua baiti nne, kwa hiyo kuonyesha tu picha iliyokwisha kuchorwa, mara 60 kwa sekunde, hutumia karibu nusu GB kila sekunde. Hilo ni dogo. Mzigo wenyewe ni wa mchezo au programu ya kuhariri video, ambayo husoma na kuandika pikseli zilezile tena na tena kabla hazijaonekana, huku prosesa nayo ikihitaji sehemu yake ya njia hiyohiyo. Ndiyo maana laptopu yenye vipande viwili vya GB 4 huweza kuishinda kwa mbali katika michezo ile yenye kipande kimoja cha GB 8, ingawa prosesa ni moja na jumla ya RAM ni ileile. Intel yenyewe imelikubali jambo hili kwa namna ya ajabu kidogo: grafiki yake ya Iris Xe, iliyotoka mwaka 2020, hutambulishwa kwa jina hilo pale tu laptopu inapokuwa na chaneli mbili, ikiwa na moja, grafiki ileile hujitambulisha kama UHD.

Kutokana na hayo, kipimo ambacho wauzaji hupenda kukitaja, yaani GB za grafiki, hakina maana kubwa hapa. Mtoto wa ndugu yangu alinijia na laptopu aliyoinunua kwa njia ya simu, akaniambia kwa furaha, "Ami, hii ina grafiki ya GB 4." Tulipoifungua tulikuta grafiki jumuishi ya Intel iitwayo HD 620 na RAM ya GB 8. Zile GB 4 zilikuwa nusu ya RAM yake mwenyewe, kiasi ambacho Windows huiruhusu grafiki kuazima inapohitaji, na ambacho kingekuwa GB 8 kama RAM ingekuwa GB 16, bila grafiki kuongezeka nguvu hata kidogo. Muuzaji hakusema uongo kamili, na hilo ndilo lililoniudhi.

Kulinganisha kwa majina kunahitaji tahadhari, kwa kuwa majina hubadilika zaidi ya vitu vyenyewe. Grafiki za Intel, HD 520 ya mwaka 2015, HD 620 ya mwaka 2016 na UHD 620 ya mwaka 2017, zote zina vitengo 24 vya kukokotoa, na tofauti ya nguvu kati ya mbili za mwisho ni ndogo mno kulipiwa bei ya juu. Herufi ile U haipaswi kumvutia mtu, kwani UHD 600, inayopatikana katika laptopu ndogo zenye Celeron, prosesa za Intel za bei ya chini, ina vitengo 12 tu. Kwa upande wa AMD hesabu ni nyingine: kitengo kimoja chake kina vikokotoo vidogo 64, wakati cha Intel kwa grafiki hizi kina 8. Kwa hiyo grafiki ya AMD iitwayo Vega 3, pamoja na udogo wa namba yake, ina vikokotoo 192 sawa na HD 620, na Vega 8 ina 512. Iris Xe yenye vitengo 80 ina 640, na kati ya zote nilizozitaja ndiyo ningeipendekeza kwa anayehariri video za wageni wa Shela au michezo ya Maulidi, mradi laptopu yake iwe na chaneli mbili. Prosesa ya Intel ya N100, iliyoingia sokoni mwaka 2023, ina vitengo 24, lakini imeundwa kwa chaneli moja ya kumbukumbu, na hakuna fundi awezaye kuiongezea ya pili.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo haifuati mpangilio huu wa nguvu, nayo ni kufungua video. Ndani ya grafiki kuna sehemu maalumu ya kusoma miundo ya video iliyobanwa, na sehemu hiyo ama inaujua muundo fulani au haiujui. YouTube hutumia sana muundo wa VP9. HD 620 huufungua muundo huo kikamilifu kwa sehemu yake maalumu, na UHD 600, pamoja na unyonge wake wote, huweza hivyohivyo. Lakini HD 520 huuwezea nusunusu tu, kwa hiyo kwa video kubwa prosesa huelemewa, feni ikavuma na betri ikaisha mapema. Kwa muundo mpya zaidi wa AV1, kwa upande wa Intel, mtu anahitaji prosesa ya kizazi cha 11 na kuendelea. Kwa hiyo anayetaka laptopu ya kutazamia mawaidha, mpira na masomo ya mtandaoni atafanya kosa akichagua kwa kuhesabu vitengo.

Joto nalo lina sehemu yake. Prosesa nyingi za laptopu hizi zimewekewa kikomo cha wati 15, ambazo prosesa na grafiki hugawana, na zikipata moto zote mbili hupunguza kasi. Katika kaskazi, chumbani kusiko na upepo, laptopu yenye feni iliyojaa vumbi haitatoa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kabla ya kulipa, inatosha kuiwasha laptopu na kuandika amri ya dxdiag, ambayo huonyesha jina halisi la grafiki, kisha kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufungua sehemu ya kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hutaja idadi ya matundu ya RAM na yaliyojazwa. Baadhi ya laptopu hazina nafasi ya kuongeza: ThinkPad X270 ina tundu moja, wakati T470, ya wakati uleule, ina mawili. Ile ya mtoto wa ndugu yangu ilikuwa na matundu mawili, moja tupu. Fundi wa Langoni alifungua skurubu, akaongeza kipande cha pili cha GB 8, na mchezo wa kandanda uliokuwa ukikwama kila mpira ulipofika golini ukaanza kwenda bila kukatika, kwa grafiki ileile ya HD 620.