Hilo "shirika" katika shirika la kitawa

Taarifa za habari zina sentensi moja zisizoichoka: "shirika la masista linalotoa huduma za elimu na afya." Ikirudiwa mara mbili tatu, msomaji anamaliza na picha ya asasi ya misaada ambayo wafanyakazi wake wamevaa shela. Kisha shule moja inafungwa, na mwandishi yuleyule anaandika kwamba shirika "limesitisha shughuli zake". Halijasitisha chochote. Masista wanaamka asubuhi, wanasali masifu, wanakula pamoja, na shirika lipo kama lilivyokuwa jana.

Shirika la kitawa ni jumuiya ya Wakatoliki, wanaume au wanawake, iliyokubaliwa na Kanisa, ambayo watu wake wameweka nadhiri za hadharani za useja, ufukara na utii, na wanaishi pamoja kidugu. Basi. Kanuni ya 607 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataja nadhiri na maisha ya pamoja. Haitaji darasa wala zahanati. Ndiyo maana wamonaki wasiotoka nje ya kuta zao ni watawa kamili sawa na sista mwalimu wa hesabu.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. "Shirika" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa sh-r-k, kuwa na fungu katika kitu kimoja na mwenzako. Kabla halijabandikwa kwenye reli, bima na misaada, lilisemwa zaidi juu ya mali: shamba la shirika, chombo cha shirika, yaani cha watu wawili watatu, na hakuna anayeweza kusema ni changu peke yangu. Mzizi huohuo umezaa kushiriki, ushirika, usharika wa Walutheri, na hata ushirikina, ambao ni kumpa Mungu mshirika. (Ndugu hawachaguliwi.)

Kwa maana hiyo ya zamani, watawa wanalistahili neno hili kuliko kampuni yoyote. Kanuni ya 668 inaeleza jinsi mali inavyokuwa ya shirika kweli. Kabla ya nadhiri za kwanza, novisi, yaani anayejiandaa kuwa mtawa, anamkabidhi mtu amtakaye usimamizi wa mali aliyokuwa nayo. Kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia, na wosia huo uwe halali hata mbele ya sheria ya nchi. Kuanzia hapo, anachokipata kwa jasho lake au kwa jina la shirika ni cha shirika. Pensheni, ruzuku na bima vilevile, isipokuwa katiba ya shirika iseme vingine. Kwa upande wa pili, kanuni ya 670 inalibana shirika: limpe kila anachohitaji kwa wito wake. Sista anayelipwa mshahara wa ualimu na serikali haupokei kama mshahara wake. Unaingia mfuko wa jumuiya, naye akihitaji viatu anaomba viatu.

Hapa ndipo mambo huharibika pale mtu anapolichukulia shirika kama mwajiri. Fedha zikikaa kwenye akaunti ya jina binafsi bila maandishi yanayoonyesha ni za nani, mtawa akifariki ndugu zake watazidai, na mahakama ya nchi huenda ikasoma jina lililo kwenye akaunti, si nadhiri. Mtawa akiondoka shirikani, kanuni ya 702 inasema hawezi kudai malipo ya miaka aliyofanya kazi. Shirika nalo linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo, wala si kumtoa mikono mitupu. Mfanyakazi wa asasi ana kiinua mgongo. Huyu hakuajiriwa, kwa hiyo lugha ya kiinua mgongo haimkai.

Neno la pili, "mtawa", lina kisa kirefu zaidi. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Lilisemwa juu ya mwanamke asiyetoka ovyo, na juu ya mcha Mungu aliyejitenga na shughuli za dunia. Kwa hiyo "mtawa anayefundisha shule ya kutwa" ukilichambua kwa asili yake ni mtu wa ndani aliye nje. Wengine huona hapo kuna kosa la tafsiri. Hakuna: neno limebeba mvutano uleule ambao Kanisa lenyewe lilichukua karne sita kuumaliza.

Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliamuru watawa wote wa kike wakae ndani ya ugo wa monasteri. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikazia amri hiyo mwaka 1563. Masista wa Visitatio, walioanzishwa Annecy mwaka 1610 na Francis de Sales pamoja na Jane de Chantal, walianza kwa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Haikupita miaka kumi wakawa wamefungiwa ndani. Mary Ward, Mwingereza aliyetaka masista wafundishe wasichana bila ugo, kwa mfano wa Wajesuiti, watawa wa kiume wasio na ugo, aliona shirika lake likifutwa na Papa Urbano VIII mwaka 1631. Vincent de Paul na Louise de Marillac walipita upenyo mwembamba mwaka 1633: Mabinti wa Upendo hawakuitwa watawa kabisa, na hadi leo nadhiri zao ni za mwaka mmoja mmoja, zinarudiwa kila mwaka. Bila jina la utawa, hakuna ugo. Bila ugo, wangeweza kuingia vibanda vya maskini. Mashirika mengi ya masista walimu na wauguzi yalipata kutambuliwa waziwazi kuwa ya kitawa mwaka 1900 tu, kwa hati ya Papa Leo XIII. Ukimwita sista mwalimu "mtawa" leo, unatumia haki iliyopiganiwa.

Na kuna waliokwenda upande wa pili kabisa, wakawapima watawa kwa huduma peke yake. Kaisari Joseph II wa Austria alianza mwaka 1782 kufunga nyumba za watawa wa sala tu, waliokuwa hawafundishi wala hawauguzi, kwa sababu hawana faida. Mwaka 1855 serikali ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, ilifuta mashirika yasiyohubiri, yasiyofundisha na yasiyohudumia wagonjwa. Wale wanaoandika "shirika la masista linalotoa huduma" hawakusudii ubaya wa namna hiyo, lakini kipimo ni kilekile.

Kuna pingamizi la haki hapa. Kanuni ya 675 inasema kwamba kwa mashirika ya kazi za kitume, yaani kuhubiri, kufundisha, kuuguza na nyinginezo, kazi hiyo ni sehemu ya asili yao. Ni kweli, na Msalesiani, ambaye shirika lake lilianzishwa kwa ajili ya vijana, asipowajali amepotea njia. Lakini kazi ya kitume si taasisi hii au ile. Wajesuiti waliidhinishwa mwaka 1540, na shule yao ya kwanza iliyokusudiwa hasa kwa wanafunzi wa nje ilifunguliwa Messina mwaka 1548. Miaka minane hiyo walikuwa Wajesuiti tayari. Kinachobaki shule ikifungwa kinaitwa karama, yaani zawadi ya pekee aliyopewa mwanzilishi kwa ajili ya Kanisa, na neno hilo nalo limegeuzwa siku hizi likawa "sekta". Elimu ni sekta. Karama ya Jean-Baptiste de La Salle, aliyeanza Reims karibu na mwaka 1680, ilikuwa kuwaletea watoto wa maskini mabruda ambao si mapadre, wafundishe kwa lugha ya nyumbani badala ya Kilatini.

Kuchanganya taasisi na shirika kuna gharama zake. Shirika haliingii jimboni bila idhini ya maandishi ya askofu. Shule iliyo mali ya shirika inaendeshwa na shirika, ingawa askofu ana haki ya kuitembelea na kuikagua. Shule ya jimbo iliyokabidhiwa watawa ni kitu kingine: kanuni ya 681 inadai mkataba wa maandishi unaotaja kazi yenyewe, watawa watakaotolewa na mambo ya fedha. Usipokuwepo, ugomvi huzuka siku mama mkuu anapomhamisha sista mkuu wa shule katikati ya muhula, kila upande ukiamini shule ni yake. Uhamisho wenyewe si uzembe. Ni nadhiri ya utii ikifanya kazi yake. Ila mkataba mzuri hutaja notisi ya miezi kadhaa.

Tahadhari moja kwa wanaopenda usahihi: si kila wanaovaa kanzu na kuishi pamoja ni shirika la kitawa. Wamisionari wa Afrika, walioanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ni shirika la maisha ya kitume. Wanaapa kiapo, hawaweki nadhiri za kitawa. Masista aliowaanzisha mwaka uliofuata ni watawa.

Aliyeandika "shirika la masista linaloendesha shule" bado hajakosea. Amekosea anapofupisha kuwa "shirika la elimu". Aandike "shule ya masista wa shirika fulani", na akitaka kulieleza shirika lenyewe, asianze na orodha ya miradi. Aulize nani aliwaanzisha, na aliona nini kilichomfanya awaite.