Dhamana ya Polisi Hainunuliwi
Katika mitaa ya Unga Limited na Ngarenaro jijini Arusha, imani ya kwamba ndugu aliyekamatwa hatoki kituoni mpaka familia ichange fedha imedumu miaka mingi, na naamini ndiyo inayowafanya wengi wasite kwenda polisi hata wanapoibiwa. Ukweli ni kwamba dhamana ya polisi ni bure. Mdhamini huja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, kisha hutia saini ahadi ya kumfikisha mtuhumiwa siku iliyopangwa. Kiasi kinachoandikwa kwenye fomu hakilipwi kaunta, bali hudaiwa tu ahadi hiyo ikivunjwa. Mauaji na uhaini hayana dhamana kabisa, kwa hiyo hata huko hakuna cha kununua. Anayeombwa fedha apige 113, simu isiyolipiwa ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.