Akromegali na nusu kaputi: kwa nini daktari anauliza kama unakoroma

Swali: Nina akromegali, nitapasuliwa tezi ya pituitari kupitia puani. Daktari wa usingizi amemuuliza mke wangu kama ninakoroma. Inahusu nini?

Jibu: Inahusu sana, ndugu yangu. Uvimbe kwenye tezi hiyo, iliyo chini ya ubongo, unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Pete imegoma kutoka kidoleni, viatu vinabana, hayo unayaona. Usichokiona ni koo: ulimi umenenepa, nyama za ndani zimejaa, na penye nyuzi za sauti njia ya hewa huenda imekuwa finyu. Mkeo ndiye anayesikia pumzi ikikatika usiku wa manane, kisha ikirudi kwa kishindo. Mtu wa namna hiyo akilazwa kwa dawa, koo linaweza kuziba, na mrija wa kupumulia ukakataa kupita. Wapo ambao mdomo unafunguka vizuri kabisa, kumbe shida iko ndani. Kwa hiyo mwache mama aseme yote, asikuonee haya.

Swali: Wanafanyaje sasa?

Jibu: Wanajipanga mapema. Huandaa kifaa chenye kamera cha kuonea koo, na mrija mwembamba kuliko ambao mwili wako mkubwa ungewafanya wadhani. Wengine huwekewa mrija wakiwa macho, koo likishatiwa ganzi. Najua inatisha kusikia, lakini faida yake ni kubwa: unaendelea kupumua mwenyewe mpaka mrija ukae mahali pake.

Swali: Nina presha na sukari pia.

Jibu: Ugonjwa huu huzileta zote mbili, na huweza kunenepesha misuli ya moyo. Taja kila dawa unayomeza, na kipimo cha moyo usikikwepe.

Swali: Nikizinduka itakuwaje?

Jibu: Mara nyingi pua huwa imezibwa kwa pamba maalumu, hivyo utapumua kwa mdomo. Jizoeze siku chache kabla, ili usije ukahangaika. Kama nyumbani hulala na mashine ya kusukuma hewa, waambie kabla ya upasuaji, na usiivae tena mpaka daktari aliyekupasua aruhusu, maana hewa yenye nguvu inaweza kupenya kidondani ikaingia ndani ya fuvu. Usipenge kamasi. Ukiona mkojo mwingi mweupe kama maji na kiu isiyokatika, mwite nesi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.