Ukinzani Mkubwa Si Lazima Ulete Joto Kubwa

"Jiko la umeme linapata moto kwa sababu koili yake ina ukinzani mkubwa." Sentensi hii imezagaa madarasani, kwenye karakana na madukani kwa wauza vifaa vya umeme, na kila anayeirudia huirudia kwa uhakika. Ukipiga hesabu ya jiko lenyewe, haisimami.

Maana kwanza, kwa haraka. Volteji ni msukumo unaouendesha umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya kila sekunde, kwa ampea. Ukigawanya volteji kwa mkondo unapata ukinzani, kwa omu. Ukizidisha volteji kwa mkondo unapata nguvu, yaani zile wati zilizoandikwa chini ya pasi au nyuma ya jiko. Ukijua viwili kati ya hivi vinne, vilivyobaki unavipata mwenyewe.

Sasa chukua birika la umeme la wati 2000 kwenye volti 230. Gawanya 2000 kwa 230, mkondo ni ampea 8.7. Gawanya 230 kwa 8.7, ukinzani ni kama omu 26. Kisha chukua balbu ya zamani, ile ya waya ndani ya kioo, ya wati 60. Mkondo wake ni ampea 0.26 tu, na ukinzani wake ikiwa inawaka unakaribia omu 880. Balbu ina ukinzani zaidi ya mara thelathini ya ule wa birika, lakini anayechemsha maji ya familia nzima kwa dakika chache ni birika.

Kosa linatokana na kanuni moja kusomwa peke yake. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alichapisha mwaka 1841 kwamba joto la waya hufuata mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mtu akiona ukinzani umekaa pale juu, anahitimisha kwamba ukikua na joto linakua. Lakini nguvu hiyohiyo ni pia volteji mara volteji, gawanya kwa ukinzani, na hapo ukinzani ukikua nguvu inapungua. Kanuni zote mbili ni sahihi. Swali ni moja: katika saketi uliyo nayo, yaani njia nzima anayopita umeme, kipi kimetulia, mkondo au volteji?

Soketi ya ukutani inashikilia volteji. Haijali umechomeka nini. Inakupa volti zake 230 na kifaa ndicho kinachoamua kivute mkondo kiasi gani. Mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm, ambaye omu imepewa jina lake, alilijua suala hili vizuri kuliko wengi wanaotumia leo kanuni yake ya volteji, mkondo na ukinzani. Betri za zama zake zilikuwa zikiyumba, vipimo vikawa haviaminiki. Akaziacha, akatumia vyuma viwili tofauti, shaba na bismathi, maungio yao moja likiwa kwenye maji yanayochemka na jingine kwenye barafu, ili msukumo usibadilike. Ndipo akapima nyaya za urefu mbalimbali na kuona mkondo ukipungua kadiri waya unavyorefuka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Kazi kubwa ilikuwa kutuliza kitu kimoja kabla ya kupima kingine.

Tazama sasa linalotokea kwenye majiko yetu. Koili ya jiko la wati 1000 imekatika karibu na ncha. Fundi anatupa kipande kilichoungua, tuseme sehemu moja ya tano, anaivuta iliyobaki na kuifunga tena. Anamwambia mama mwenye jiko kwamba ukinzani umepungua, kwa hiyo litakuwa na moto mdogo kidogo. Hesabu inasema kinyume. Ukinzani umeshuka kutoka omu 53 hadi 42, mkondo umepanda kutoka ampea 4.3 hadi 5.4, na jiko sasa ni la wati 1250. Tena wati hizo zimebanwa kwenye waya mfupi zaidi, kwa hiyo kila sentimita inabeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo wake wa awali. Ndiyo maana koili ya kuunga haikawii kukatika tena.

Ipo sehemu ambapo ile sentensi ni kweli, nayo ni hatari. Skrubu ndani ya plagi ya birika imelegea, na pale waya unapogusana na pini pamezuka ukinzani wa nusu omu. Mkondo hapo unaamuliwa na birika, si na skrubu: ni zilezile ampea 8.7, pungufu kidogo tu. Zidisha 8.7 kwa 8.7 kwa nusu, unapata karibu wati 38 kwenye nukta ndogo kuliko punje ya mahindi. Plastiki inalainika, inakuwa nyeusi, inanuka. Na kadiri pale panapozidi kuungua ukinzani unaongezeka, joto nalo linaongezeka.

(Hesabu hizi ni za vifaa vya joto. Friji na pampu zina mota, na volti mara ampea hapo hazikupi wati halisi. Balbu ya waya nayo ukiipima ikiwa imezimwa, omu zake ni chache mno kuliko inapowaka.)

Kwa hiyo anayefundisha ile sentensi hahitaji kuifuta. Aongeze tu maneno matatu, "mkondo ukiwa uleule", na akifika kwenye jiko lililochomekwa ukutani aseme wazi kwamba kisichobadilika hapo ni volteji, na koili ya wati nyingi ndiyo yenye omu chache.