Je, wajua kwa nini ngoma za maandagraundi (wachanaji ambao hawajatoka kimuziki) wa Dom, yani Dodoma, hazipatikani wakati mistari yao bado watu wanaighani?

Kaa na wazee wa hip hop wa Dodoma, wale waliokuwa wanachana Chang'ombe na Area C kabla ya simu janja, stori zikikolea lazima mmoja ashushe vesi nzima ya 2003 huko bila kukosea na wenzake wadake kiitikio, hafu ukiuliza ngoma yenyewe iko wapi tuisikie, kimya. Hakuna aliyenayo. Na sio kwamba wote walikuwa wazembe (haya, wengine walikuwa wazembe kweli), kilichoua nyingi ni nafasi kwenye kompyuta.

Piga hesabu. Dakika moja ya sauti ya kiwango cha CD inakula kama MB 10, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ukishamiksiwa ni MB 40 tu, hapo hamna shida. Shida ni kazi yenyewe kabla ya kumiksi, yani sauti ya kila mchanaji, besi, ngoma, kinanda, kila kimoja kinarekodiwa peke yake kwenye treki yake. Treki ya mono, yani ya chaneli moja, inakula nusu ya ile ya stereo, kwa hiyo treki 16 za mono zinafika MB 320 kwa wimbo mmoja. Enzi hizo diski ya GB 20 au 40 ndo ilikuwa kawaida, na humo humo kuna Windows, kuna programu za kurekodia, kuna kazi za kwaya na matangazo ya waliolipa keshi. Sasa andagraundi aliyerekodi kwa mali kauli, unadhani ilipotakiwa nafasi alianza kufutwa nani? Prodyuza anakuchomea CD yako, anafuta, anaita mwingine.

Hiyo CD ndo ilikuwa kila kitu, na mwenyewe badala ya kuirudufu anaipeleka redioni au anapanda nayo basi kwenda Dar, kilomita 450 hivi, akatafute kutoka. Kundi la Chamber Squad la akina Albert Mangwair, Mez B, Noorah na Dark Master lina mizizi Dom lakini jina lilikua kwa kazi za Dar, na albamu ya Mangwair ya 2004, a.k.a. Mimi, iliuzwa, kopi zikaingia majumbani kwa watu, ndo maana mwenyewe katutoka 2013 na bado tunamsikia. Mi naamini kuna wakali waliobaki mtaani ambao hawakupungukiwa kipaji, walipungukiwa kopi.

Hafu CD ya kuchoma sio sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, ya kuchoma ina tabaka la rangi ya kikemikali ambayo leza inaiunguza, na rangi hiyo ikikaa kwenye jua au joto, mfano juu ya dashibodi ya gari, inabadilika taratibu mpaka mashine haisomi tena. Na kitu ambacho wengi hawajui, tulikuwa tunalinda upande usio wenyewe! Upande unaong'aa una plastiki ya zaidi ya milimita 1 inayokinga, ukikwaruzika kidogo unaweza kusuguliwa ukasomeka. Upande wa juu, pale tulipoandika majina kwa kalamu, kuna vanishi nyembamba tu juu ya ile data. Ukikwaruza pale imekula kwako.

Kanda nazo zina mambo yake, kila ukirudufu kutoka kanda kwenda kanda mvumo unaongezeka, na vumbi letu la kiangazi linaganda kwenye hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma kanda. Ila kanda inakufa polepole, hata ya miaka 25 mara nyingi bado inatoa kitu, kwa hiyo kama bimkubwa ana boksi la kanda chini ya kitanda usitupe. Safisha hedi kwa spiriti na pamba, hafu kuna kiskrubu kidogo pembeni ya hedi kinachoweka ulalo wake, kizungushe taratibu sana huku unasikiliza, maana kila deki ilirekodi kwa ulalo wake, utashangaa "s" na "sh" za mchanaji zinafunguka ghafla. Hapo ndo urekodi kwenye kompyuta, kwa WAV sio MP3 (MP3 inabana sauti na kupunguza vitu), na hiyo ya kwanza usiisafishe mvumo, iache ilivyo, kusafisha fanya kwenye kopi.

Ukishaipata sasa unataka kuipandisha YouTube, mara mfumo wao wa Content ID, unaotambua muziki wenye hakimiliki, ulioanza 2007, unaidaka, maana wengi wetu tulichana juu ya biti za Wamarekani. Ndo maana nyingi zinazunguka kwa simu tu, mtu na mtu. Hapo wadau naomba kitu kimoja: tuma faili lenyewe, usishike simu mbele ya spika urekodi voisi noti, ile imetengenezwa kwa maongezi, besi yote inabaki huko huko.