Moyo una umeme wake: maswali kutoka Kibirizi

Maswali haya niliulizwa na wauza samaki wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, siku tuliyokuwa tukiwapima presha.

Nilimpasua kuhe aliyetoka ziwani muda huohuo. Moyo wake ukaendelea kudunda kwenye sinia. Nani alikuwa anauendesha?

Ulijiendesha wenyewe, mama, na wa binadamu umeumbwa hivyohivyo. Kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kuna kikundi kidogo cha seli kinachozalisha umeme chenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kazi ya ubongo ni kuongeza au kupunguza kasi tu. Mtumbwi ukipigwa na mawimbi, unausikia moyo ukienda mbio.

Umeme huo unatoka wapi?

Kwenye madini ya damu na mwili: sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Yana chaji, na yakiingia na kutoka kwenye seli, umeme huamka ukapita seli hadi seli. Vyumba viwili vya juu hukaza kwanza, vikasukuma damu chini. Kisha umeme hufika kituo cha katikati, ukazuiwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kwangu mimi hapo ndipo penye maajabu: bila kusubiri huko, vyumba vyote vingekaza karibu pamoja na damu isingepata nafasi ya kushuka vizuri. Ukiachiwa, hushuka kwa nyuzi maalumu hadi nchani, na vyumba vikubwa vikaikamua damu kutoka chini kwenda juu.

Baba huzimia ghafla, akizinduka yuko sawa. Wengine wanasema kifafa, wengine karogwa.

Nilimshika mkono nikahesabu dakika nzima: mapigo 34. Umeme ukikatika pale katikati, vyumba vya chini hujipigia vyenyewe polepole, na kichwani damu haitoshi. Tafadhali msingoje. Apimwe ECG hospitalini, yaani umeme wa moyo usomwe kwa nyaya zinazobandikwa mwilini, na mbebe dawa zote anazomeza, maana zipo zinazopunguza mapigo. Nyaya zile hazipigi shoti, zinasoma tu. Ikithibitika njia ya umeme imeharibika, huwekewa betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huifanya kazi hiyo. Kwa sasa asiingie ziwani wala asiendeshe pikipiki.

Nyumbani nitayahesabuje?

Keti utulie. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu sekunde 60. Usitumie kidole gumba, kina mapigo yake.